Safu ya Nne

Jalada la kesi lilikuwa jembamba kiasi cha kutia aibu. Ndani yake kulikuwa na malalamiko ya Festo Kasubi, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Maelezo ya mtuhumiwa, nusu ukurasa wa mwandiko wa askari. Na picha moja iliyochapwa kutoka kwenye simu ya Festo. Mkaguzi Msaidizi Siwema aliyasoma yote akiwa amesimama dirishani, kisha akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika kumi, Jumatano. Kesho saa tatu asubuhi mwanamke aliyekuwa mahabusu angepandishwa mahakamani kwa wizi, na ushahidi dhidi yake, ukiuchuja vizuri, ulikuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifagia chumba.

Mali iliyoibwa ilikuwa daftari. Mwalimu Aleksi Kasubi alifundisha Kiingereza pale Tabora miaka thelathini na mitano, na maisha yake yote alikusanya maneno ya Kiingereza yasiyosikika mara kwa mara, yale ambayo Waingereza wenyewe hukutana nayo kwa nadra wakayaogopa. Alikuwa amefikisha elfu moja mia moja na arobaini, kila neno na matamshi yake na maana yake kwa Kiswahili. Alifariki Jumamosi, akazikwa Jumatatu. Jumanne asubuhi daftari halikuonekana, na kabla ya adhuhuri Rustika Niyokwizera alikuwa ndani.

"Mlete," Siwema alimwambia askari wa zamu.

Aliingia mwanamke mrefu wa miaka ishirini na minane hivi, kanga ya msiba bado kichwani, miguu mitupu kwa sababu ndala zake zilikuwa zimezuiliwa kaunta. Alisimama mpaka alipoambiwa akae.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

Siwema alimsogezea yale maelezo. Juu yaliandikwa jina, umri, kijiji alikozaliwa huko Ulyankulu, makazi ya zamani ya wakimbizi kutoka Burundi, na mbele ya neno *kazi* paliandikwa *msichana wa kazi*. Chini, mahali pa sahihi, palikuwa na dole gumba la bluu.

"Haya ni maneno yako?"

Rustika aliinama juu ya karatasi. Macho yake yalikwenda mstari hadi mwisho, yakarudi, yakashuka mstari wa pili.

"Ni yangu. Ila hapa wameandika nilikuwa nalala chumbani kwa marehemu. Mimi nilisema nililala sebuleni, mlango wazi, ili akikohoa nimsikie."

"Kumbe unajua kusoma."

"Ndiyo."

"Na kuandika?"

"Ndiyo, Afande."

"Sasa hili dole gumba la nini?"

"Sikupewa kalamu. Niliwekewa wino."

Siwema aliona haya, na hakuwa mtu wa kuona haya upesi. Alichukua ile picha akaiweka juu ya maelezo. Ilionyesha ukurasa mmoja wa daftari: safu ya kwanza maneno ya Kiingereza, safu ya pili matamshi yaliyokatwa kwa silabi za Kiswahili, safu ya tatu maana. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, umesimama wima.

"Hili la kwanza," Siwema alisema, akalisoma alivyoliona. "*Victuals*. Vik-tu-alzi."

Midomo ya Rustika ilicheza kidogo, ikatulia.

"Sema tu. Hapa sikufungi mara ya pili."

"Vitolz, Afande. Ile *c* ipo kwa macho tu, mdomoni haipiti. Ni chakula, akiba ya chakula, hasa cha safari. Mwalimu aliandika *posho*. Alisema hiyo ndiyo ilikuwa posho ya wapagazi waliotoka hapa na pembe za ndovu kwenda pwani."

Siwema alitazama safu ya pili. *Vi-tolz*. Safu ya tatu: *posho, chakula cha msafara*. Picha ilikuwa imelala mbele ya Siwema, imempa Rustika kichwa chini, na mwanamke yule hakuwa ameisogelea.

"Nani alikufundisha?"

"Redio."

"Redio gani hiyo inayofundisha hivi?"

Sasa ndipo Rustika alipoivuta ile picha, akaigeuza, akapitisha kidole pembeni mwake upande wa kulia, pale karatasi ilipokwisha ghafla.

"Safu ya nne iko wapi?"

"Ipo safu ya nne?"

"Muulize aliyepiga picha, Afande. Mimi nikisema, nitaonekana ndiyo maana nimeiba."

Zaidi ya hapo alieleza jambo moja tu. Siku ya mazishi alikuwa jikoni uani tangu alfajiri mpaka jua linazama, hakuona nani aliingia wala nani alitoka. Siwema alimrudisha mahabusu, akaagiza apewe ndala zake.

*

Festo Kasubi alikuwa akingoja kwenye benchi la nje, shati jeupe, simu mbili. Marehemu alikuwa baba yake mdogo. Yeye alizaliwa na kukulia Dar es Salaam; hapa Tabora alikuja kwa ndege siku ya Jumapili. Siwema alimkaribisha ndani, akamwachia kiti chenye mguu mbovu.

"Afande, kesi hii ni nyeupe kabisa. Mzee alikuwa mgonjwa, yule binti yuko naye peke yake, anajua kitu kina thamani. Isitoshe ni mkimbizi."

"Ni raia. Kitambulisho chake kiko kaunta. Daftari lina thamani gani?"

"Ijumaa anakuja mtu wa kampuni ya vitabu. Tumeshazungumza. Litatoka kama kamusi."

"Kwa jina la nani?"

Festo alisita. "La familia. Mimi ndiye ninayelihariri. Nimelipitia lote."

"Lote?" Siwema alimgeuzia picha, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hili linasomwaje?"

"Vikchualz," Festo alisema bila wasiwasi.

Siwema aliandika kitu kwenye kijitabu chake. Hakikuwa ushahidi wa wizi. Kilikuwa ushahidi kwamba mtu huyu alikuwa na picha ya ukurasa ule siku tatu, na jibu lilikuwa limeandikwa pembeni ya neno, na hakulitazama.

"Safu ya nne ina nini?"

"Nini?"

"Picha imekatwa upande wa kulia. Ina nini?"

"Alama zake mzee. Vifupisho. Hazina maana kwa msomaji."

"Na mara ya mwisho uliliona wapi?"

"Jumatatu, tumetoka makaburini. Nililiweka mwenyewe sebuleni, juu ya meza, pembeni ya picha yake, watu walione. Nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi watu wanacheka, kelele, sikuangalia meza. Asubuhi halipo."

"Watu wanacheka? Msibani?"

"Watu wa huku, Afande," Festo alisema, akapandisha mabega.

Siwema aliliandika hilo pia. Alikuwa na orodha ya waliokuwepo: majina arobaini na moja, yamenakiliwa kutoka daftari la mahudhurio la jumuiya, maana Wakatoliki wa mtaa ule huandikana msibani ili ajulikane nani hakuja. Askari wake alikuwa amewauliza wote swali moja: je, ulimwona mtu yeyote akitoka na kitu? Wote arobaini na mmoja walijibu hapana. Sebule yenye watu arobaini, daftari kubwa kama kitabu cha misa cha padri, na hakuna aliyeona.

Saa nne askari alimletea habari kwamba muuza karanga sokoni anafungia karanga zake kwa karatasi zenye Kiingereza kigumu. Siwema alikwenda kwa miguu, akanunua fungu zima, akakunjua karatasi moja moja juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kiingereza kilikuwa kigumu kweli, lakini kilikuwa cha mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa akiteseka na mabadiliko ya tabianchi. Alikula karanga, akatupa karatasi, akachukua pikipiki mpaka mtaa wa Kitete.

*

Nyumba ya Mwalimu Aleksi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na kizingitini palining'inia kibao cheusi cha shule, kidogo, na kipande cha chaki kimefungwa kwa uzi. Maneno ya mwisho hayakuwa yamefutwa: *Uji au chai?* Chini yake, kwa mwandiko wa kutetemeka: *Uji.*

Festo alikuwa ameifunga, akamwazima Siwema ufunguo; ndani hapakuwa na mengi ya kupekua. Kitanda, meza, kamusi tatu zilizochakaa, viti viwili. Kiti kimoja kiliwekwa karibu na dirisha, na mbele yake, juu ya kigoda, ilikaa redio ya masafa mafupi yenye waya uliopanda mpaka paani. Siwema aliifungua nyuma. Betri zilikuwa mpya. Aliibonyeza, ikaunguruma Kiingereza cha mbali, chenye mikwaruzo.

"Mwangaluka, mwanangu," sauti ilimsalimu kwa Kinyamwezi kutoka mlangoni.

Alikuwa Mama Gaudensia, jirani, katibu wa jumuiya, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Kichwani alibeba sufuria kubwa ya pilau, tupu, inang'aa.

"Shikamoo, Mama. Nilikuwa naangalia redio ya Mwalimu. Aliipenda?"

"Aliipenda! Huyo alikuwa hasikii hata umpigie ngoma sikioni." Gaudensia alicheka, kisha akakumbuka kwamba ni marehemu, akajifuta macho kwa kanga. "Miaka tisa sasa. Masikio yalikufa yote mawili. Ndiyo hicho kibao pale, ukitaka kumsalimia unaandika shikamoo, anakujibu marahaba kwa sauti ya kuamsha mtaa."

Siwema alizima redio. Alikaa kwenye kile kiti cha dirishani, akatazama kiti cha pili, kilichogeuziwa cha kwanza karibu sana, kiasi kwamba magoti ya watu wawili yangegusana.

"Mama, maneno yake alikuwa anayaokota wapi?"

"Kila mahali. Kwa madaktari wa kigeni, kwa mapadri, redioni. Alikuwa na sharti lake moja, hata sisi wanafunzi wake alitufundisha hivyo. Neno kulikuta kitabuni haitoshi. Haliingii daftarini mpaka apatikane mtu aliyelisikia likitoka mdomoni mwa mtu, na huyo aandikwe. Alimwita shahidi. Alisema neno bila shahidi ni uvumi."

"Aandikwe wapi?"

"Mwisho wa mstari, pale pembeni."

Safu ya nne. Siwema alitoa ile picha, akatafuta tarehe aliyoiona juu ya ukurasa: Agosti 2021. Mwezi huo Mwalimu alikuwa kiziwi kwa miaka sita tayari, hakuweza kulisikia neno lolote. Lakini matamshi yalikuwepo, yameandikwa silabi kwa silabi. Kulikuwa na sikio jingine kwenye nyumba hii, limekaa kwenye kiti hiki, na jina la mwenye sikio hilo lilikuwa mwisho wa kila mstari mpaka Festo alipolikata. Rustika alikuwa akituhumiwa kuiba kazi ya masikio yake mwenyewe, na siri ya mahali ilipo hakuijua.

Hilo lilieleza kila kitu isipokuwa jambo moja, na hilo ndilo mahakama ingeuliza. Daftari liko wapi?

"Mama, nikuulize tena lile lile. Siku ya mazishi, nani alitoka na kitu humu ndani?"

"Hakuna, mwanangu. Nilishamwambia yule kijana wako. Watu wa humu tunajuana."

"Haya. Na hiyo sufuria unaipeleka wapi?"

"Naipeleka kwangu. Nimetoka kuikomboa."

"Kuikomboa?"

"Si walinishikia Jumatatu! Nimewapelekea kuku wao ndiyo wameniachia. Wajinga sana wale." Alisema hivyo kwa upendo mkubwa.

Siwema alisimama polepole. "Kina nani?"

"Watani."

"Walichukua sufuria yako msibani, mbele ya watu."

"Hawakuchukua, walishika. Kuna mmoja alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka tumpe tumbaku. Tulicheka jamani, Mwalimu mwenyewe angecheka."

"Mama Gaudensia. Kwenye ile orodha ya jumuiya, watani mliwaandika?"

Gaudensia alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewaandika kuku. "Watani waandikwe wa nini? Wale si waombolezaji."

"Na walishika nini kingine?"

"Sufuria yangu. Kiatu cha katekista. Na lile daftari la pale mezani, alilibeba Mfaume. Akajitwisha kichwani, akatoka nalo kwa mlango wa mbele anaimba."

Siwema alifumba macho kidogo. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameulizwa kama walimwona mtu akitoka na kitu, na wote walisema kweli jinsi walivyoijua. Huku kwenye njia ya zamani ya misafara, mtani hahesabiki kuwa mtu anayetoka na kitu. Angeuliza mwaka mzima angepata jibu lile lile.

"Huyo Mfaume anakaa wapi?"

"Goweko, stesheni. Fundi redio."

*

Kwa pikipiki ilikuwa mwendo wa saa mbili, vumbi jekundu, matuta ya tumbaku yaliyokuwa yakingoja mvua. Mzee Mfaume alikuwa kibarazani kwake karibu na reli, miwani mbili zimepandana puani, anachomelea waya. Nyuma yake, juu ya kabati la spea, daftari lilikuwa limekaa peupe, limevikwa kitambaa safi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Redio au simu?"

"Daftari."

Mfaume aliweka chini chuma chake cha kuchomelea. Alimtazama viatu, macho yakapanda mpaka usoni.

"Wewe ndiye uliyetumwa? Jogoo yuko wapi?"

"Sikutumwa na waliofiwa. Mimi ni polisi."

"Kabila gani?"

"Mpare. Nimetoka Same."

"Aa! Mpare! Basi ndiyo maana umekuja na kesi badala ya kuku." Alicheka mpaka miwani moja ikadondoka. "Kaa, mwanangu. Mimi Mzaramo. Babu yangu alikuja huku na reli akabaki. Wanyamwezi ni watani wangu. Hawa walipokuwa wanabeba pembe kwenda pwani, mtu wao akifia njiani, sisi ndio tuliomzika. Kwa hiyo msiba wao una haki yangu. Nashika kitu, aliyefiwa ananifuata, ananikomboa, tunatukanana kidogo, kilio kinakwisha. Nimekaa siku mbili hapa naangalia barabara. Hakuna aliyekuja. Nikasema, Wanyamwezi wa siku hizi wamekuwa Wazungu."

"Mzee, kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya hilo daftari."

Kicheko kilikatika. "Nani?"

"Rustika."

Mfaume alivua na ile miwani ya pili. Kwa muda alikuwa mzee tu aliyekaa kibarazani, mikono imemlegea mapajani.

"Mungu wangu. Yule binti? Mimi ndiye ninayemletea betri, miaka tisa, kila mwezi. Nimemkuta mara ngapi amelalia ile redio, shavu limeshika plastiki, anaandika kibaoni, Mwalimu anamtazama mdomo. Anamwambia sema tena. Anasema. Mzee anashika koo la binti kwa vidole viwili, hapa, apate mtikisiko. Ndivyo walivyokuwa wanafanya neno. Siku nzima kwa neno moja."

Siwema hakuandika hilo.

"Nipe daftari, mzee. Ni kielelezo."

"Nitakuja nalo mwenyewe, nina pikipiki yangu. Na kitu cha utani hakirudi kwa polisi. Kinarudi kwa aliyefiwa."

"Aliyefiwa ni mtoto wa kaka yake."

"Yule wa simu?" Mfaume alisimama, akaanza kufunga kibanda chake. "Twende tukaone nani amefiwa."

Angeweza kulichukua kwa nguvu, sheria ilimruhusu. Siwema alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa mashariki, akamsaidia kushusha mlango.

*

Walifika kituoni saa kumi na nusu, mvua ya kwanza imewapata njiani, wote wawili wamelowa, daftari kavu kabisa ndani ya mfuko wa plastiki tumboni mwa Mfaume. Siwema alimweleza Mkuu wa Upelelezi kwa sentensi nne, akapewa ruhusa kwa mbili. Akamwita Festo. Akaagiza Rustika atolewe.

Festo alipoliona daftari alinyoosha mkono. Mfaume alilirudisha kifuani.

"Taratibu, mjukuu. Linakombolewa."

"Kiasi gani? Semeni kiasi."

"Huyu si mwenyeji," Mfaume alimwambia Siwema kwa huzuni. Kisha akamgeukia Rustika, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndala zake. "Mama, pole. Nilikufanyia utani ukakupeleka jela. Haya, nikomboe. Umeleta jogoo?"

"Sina jogoo, babu," Rustika alisema. "Sina kitu. Hata nyumba wamefunga."

"Basi jogoo acha, wangu wananitosha. Nisomee neno moja. La mwisho. Nilichungulia, lakini mimi Kiingereza changu ni cha kwenye boksi la redio."

Alimpa daftari. Rustika alilifungua kwa nyuma bila kutafuta, kama mtu anayejua mahali pa chumvi jikoni. Siwema alisogea begani kwake. Safu zilikuwa nne. Ya nne ilijaa jina moja, mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa: *R. Niyokwizera, redioni. R. Niyokwizera, kwa daktari. R. Niyokwizera.* Festo alikuwa akitazama dari.

"*Amanuensis*," Rustika alisoma. "A-ma-nyu-EN-sis. Mtu anayeandika kwa mkono wake maneno ya mwingine. Shahidi, R. Niyokwizera, redioni, tarehe sita Novemba." Kidole chake kikashuka. "Hapa chini kuna kitu. Hiki sikuandika mimi."

Kilikuwa kwa penseli, kinatetemeka, kimeshuka nje ya mistari.

"Endelea," Siwema alisema.

"*Neno hili sikulisikia,*" Rustika alisoma, sasa polepole. "*Lakini maana yake naijua kuliko maneno yote yaliyomo humu, kwa kuwa nimekaa nayo nyumba moja miaka tisa. Shahidi wa maana: A. Kasubi.*"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Rustika alikaa kwenye kile kiti kibovu bila kuambiwa.

"Aliniomba penseli, Ijumaa, hospitali," alisema. "Nilidhani anataka kuniandikia kwamba anataka maji. Nikampa, nikakimbia kutafuta maji."

Kisha akalia, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, jambo ambalo Jumatatu hakuna aliyempa nafasi ya kulifanya kwa sababu alikuwa akiwapikia. Mfaume alimwekea mkono kichwani. Alimwacha alie mpaka mwisho.

"Basi," alisema kwa upole. "Umeshanikomboa."

Festo alikohoa. "Afande, mimi nadhani kulikuwa na kutoelewana tu. Naondoa malalamiko."

"Utayaondoa kwa maandishi," Siwema alisema. "Nyumba utaifungua leo, kabla jua halijazama. Na Ijumaa mgeni wako akija aonyeshwe safu zote nne. Nitakuja mwenyewe kumsalimia."

Askari wa zamu alileta fomu ya kumwachilia mtuhumiwa. Alikuwa amekwisha kuijaza kwa kunakili yale maelezo ya jana: jina, umri, kijiji, kazi. Kwa mazoea alikuwa amebeba na kidau cha wino. Siwema alikichukua, akakifunika, akamrudishia. Halafu akatoa kalamu yake mfukoni, akamkabidhi Rustika.

Rustika alisaini chini kwa herufi zile za mviringo, zilizosimama wima. Kisha akapandisha macho mpaka kwenye neno *kazi*. Alifuta maneno matatu yaliyokuwepo kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika neno moja.

Askari aliigeuza ile karatasi huku na huku, amekunja uso.

"Hili sasa linasomwaje?"

Rustika alijifuta pua kwa ncha ya kanga. Akamsomea, silabi kwa silabi, akangoja, akamwambia arudie.